Claret ni rangi gani? Najibu leo tuyamalize

Haya wadau, niko jikoni hapa Birmingham, hizo kelele ni mashine ya kufua, mnivumilie. Kila nikivaa jezi ya Aston Villa, timu ya mpira ya hapa yenye rangi hiyo, lazima mtu aulize, kaka mbona unasema claret, si useme maruni tu, unaturingia? Siringi jamani. Na kabla hamjaanza, claret ni jina la mvinyo pia, ila wine sinywi, mimi mtoto wa Dodoma, zabibu nimekula za shambani mpaka tumbo likauma, ndo nije kujidai na mvinyo uzeeni?

Kilichonifanya nilichimbe hili neno ni hela. Barua ya shule ya mwanangu ilisema sweta claret, nikanunua maruni, pauni 16, mwalimu akasema siyo. Dukani wakasema lebo umeshakata, jaza fomu, fomu inataka risiti, risiti nishatupa, wiki tatu tunaandikiana imeli kisa sweta! Halafu mtu ananitumia meseji eti huko hela mnaokota.

Basi usiku nikasoma kwa hasira. Kumbe ni Kifaransa cha zamani, na maana yake kitu cha rangi nyepesi, chenye mwanga. Mvinyo wa Bordeaux kule Ufaransa enzi hizo ulikuwa mwekundu wa kupauka, ndo maana Waingereza wakauita claret. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine, mwenye eneo lote la Bordeaux, akaolewa na Henry, miaka miwili mbele jamaa akawa mfalme wa Uingereza, basi Bordeaux ikawa kama shamba la ukweni, mapipa yanapakiwa melini tu mpaka Wafaransa walipoichukua moja kwa moja 1453. Karne zikapita, mvinyo ukawa mzito, mwekundu wa kukolea, ila Waingereza jina wakaling'ang'ania lilelile. Yaani neno la kupauka leo ndo rangi iliyoiva! Wafaransa wenyewe rangi ya hivyo wanaiita bordeaux, Waingereza wana na burgundy yao, ambayo ni jimbo lingine kabisa la mvinyo, na tofauti yake mimi siioni, na yule mwalimu nina wasiwasi naye haioni.

Ila kilichonichekesha ni kwenye ngumi. Bondia akipasuliwa pua, wazee wa huku wanasema claret inamwagika, yaani damu. Sasa bibi yangu rangi hii anaiitaje? Damu ya mzee! Hajawahi kuonja mvinyo, ila kafika palepale. Kwahiyo Februari 2020 Samatta, mshambuliaji wetu wa Tanzania, anaifungia Villa goli kule Bournemouth, nchi nzima tunashangilia, alikuwa anachezea timu ya damu ya mzee na bluu ya mbingu na hamkuniuliza kitu.

Kuhusu sweta msininukuu, kila shule na mambo yake, yangu yalikuwa hivyo. Mwisho nilipata la mtumba pauni 3, liko humo kwenye mashine. Imezima, ngoja nikaangalie maana maji yanayotoka ni ya pinki.