Jenereta Imepanda Juu, Chenjiova Imebaki Chini

Mafundi wenzangu, wasanifu, wasimamizi wa majengo, habari za asubuhi na asanteni kwa kuja.

Miaka michache iliyopita niliitwa kukagua jengo la ghorofa sita. Msimamizi alinipokea mlangoni akanipandisha moja kwa moja hadi kwenye paa, maana alikuwa na kitu cha kunionyesha. Jenereta mpya, imekaa juu ya zege, chini yake mipira ya kupunguza mtetemo, bomba la moshi limeelekezwa mbali na madirisha. Kazi safi, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamuuliza, "Chenjiova iko wapi?" Tukateremka. Tukapita ghorofa ya chini, tukazidi kuteremka mpaka chumba cha pampu za maji, chini ya ardhi. Ukutani palikuwa na kabati la chuma la kijivu. Nikachuchumaa na tochi. Kwenye mlango wa kabati kulikuwa na mstari wa tope lililokauka, umenyooka kana kwamba umepigwa rula, na kutoka mstari ule hadi mahali pa kwanza nyaya zinapofungwa haikuzidi shubiri moja. Maji yalishawahi kufika pale, yakatuama, yakaondoka. Hakuna aliyekumbuka ni lini.

Kwa wale ambao si watu wa umeme: chenjiova ni swichi inayochagua jengo litumie umeme wa wapi, wa gridi au wa jenereta. Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha hivyo viwili havikutani kamwe. Vikikutana, umeme wa jenereta hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui mbele wala nyuma: ile volti 400 inapandishwa kuwa volti 11,000, na huko kwenye nguzo kuna fundi anayeamini kuwa laini imekufa. Ndiyo maana nakasirika kila ninapoona mtu amechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili "kuwasha nyumba nzima". Anaweza kumuua mtu ambaye hatamwona maisha yake yote.

Sasa angalieni maana ya hilo kwa upande wa mahali. Umeme wa gridi unapita kwenye kabati lile. Umeme wa jenereta nao unapita humo humo. Kabati likizama, umepoteza vyote viwili kwa mpigo, hata jenereta ikiwa inanguruma vizuri juu ya paa.

Tarehe 11 Machi 2011, kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, nchini Japani, kilipoteza umeme wa gridi kwa tetemeko la ardhi. Jenereta zikawaka kama zilivyopangwa. Chini ya saa moja baadaye tsunami ikaingia. Jenereta nyingi zilikuwa chini ya ardhi, zikafa. Hilo wengi wanalijua. Lisilosimuliwa sana ni kwamba jenereta mbili zilizokuwa za mitambo ya nyuklia namba 2 na namba 4 hazikuguswa na maji. Zilikuwa kwenye jengo jingine, juu ya usawa wa ardhi. Lakini makabati ya kugawa umeme wake yalikuwa chini, yakafurika, kwa hiyo jenereta nzima, zenye afya, hazikuweza kupeleka umeme popote. Mtambo namba 6 ulikuwa na jenereta inayopozwa kwa hewa, imewekwa kwenye jengo lake lenyewe mahali palipoinuka, na makabati yake yalibaki makavu. Jenereta hiyo moja ndiyo iliyoinusuru mitambo namba 5 na 6. Neno "inayopozwa kwa hewa" lina uzito hapo, kwa sababu zile zilizopozwa kwa maji ya bahari zilitegemea pampu zilizokaa ufukweni, na pampu hizo zilikwenda na maji.

Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipopiga New York, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta kwenye ghorofa ya 13. Ghorofa ya 13! Nani angesema wamekosea? Ila pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Zikazama. Watu wakapanga mstari kwenye ngazi, wakapokezana mafuta kwa mikono kutoka chini hadi ghorofa ya 13, ili mashine za wagonjwa zisizime. Mwishowe hospitali ikalazimika kuwahamisha wagonjwa.

Kwa hiyo mkinionyesha mchoro, sitauliza jenereta iko ghorofa ya ngapi. Nitaweka kidole kwenye tangi la mafuta, nifuate bomba hadi pampu, kutoka pampu hadi injini, hadi betri ya kuwashia na chaja yake, hadi kebo, hadi chenjiova, hadi paneli ya wodi, yaani kabati linaloigawia wodi umeme. Popote kidole kinapoteremka chini ya kiwango cha mafuriko, hapo ndipo kina halisi cha mfumo wako. Dizeli si kitu cha kupuuza: injini hula takriban robo lita au zaidi kidogo kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo jenereta ya kilowati 100 ikibeba mzigo kamili inaweza kumaliza lita 25 hadi 30 kwa saa moja. Hesabuni ndoo ngapi hizo, usiku mmoja, kwa ngazi.

Wakati wa chai kaka mmoja kaniuliza: maji nimeelewa, lakini je, kama hakuna mafuriko, chenjiova ikae karibu na paneli kuu au karibu na mzigo, yaani vifaa vinavyotumia umeme? Swali zuri, na hapa nina msimamo.

Chenjiova ya kujiendesha haina macho. Inahisi volti pale tu nyaya zinapoingia kwake. Chukulieni imefungwa karibu na paneli kuu, na kutoka hapo kebo moja inapanda hadi chumba cha wagonjwa mahututi. Moto ukaila kebo hiyo ghorofa ya pili. Chenjiova inatazama upande wa gridi: volti ipo. Imeridhika, haibadilishi chochote. Gridi ipo, jenereta ipo, mafuta yapo, na chumba kiko gizani. Sasa ihamishieni juu, ghorofa ile ile ya wagonjwa, ipelekeeni kebo mbili, ya gridi na ya jenereta, kwa njia mbili tofauti. Kebo ya gridi ikiungua, chenjiova inaona volti imepotea, inaita jenereta, inabadilisha. Mzigo unarudi. Na zile nyaya mbili nyembamba zinazobeba amri ya "waka" kutoka chenjiova hadi jenereta, nazo zilindwe kwenye njia ya peke yake. Nimeziona zimefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye kebo ile ile ya gridi, ambayo ikiungua ndipo zinapohitajika.

Ni gharama zaidi, ndiyo. Nyumba ya kuishi au duka linatosheka na chenjiova moja karibu na mita. Lakini kwa wodi, lifti na pampu za kuzimia moto, sikubali kushuka bei hapo. Kanuni ya NFPA 110, ya shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, inataka jenereta ambazo uhai unazitegemea, zikiwa ndani ya jengo, ziwe na chumba chao kinachohimili moto kwa saa 2. Saa mbili hizo hazimsaidii mtu kama kebo ya kutokea inapita kwenye stoo ya maboksi.

Kuhusu hewa nitasema kwa ufupi. Injini inavuta hewa na kutupa joto. Ikiwa hewa ya moto ya rejeta inazunguka na kurudi inakotoka hewa ya kuingia, jenereta itajizima yenyewe kwa joto katikati ya kazi. Na moshi wake una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Jenereta ndogo za kubeba zikae nje, si chini ya mita 6 kutoka kwenye nyumba, mbali na milango na madirisha. Si kwenye veranda. Si kwenye gereji hata mlango ukiwa wazi.

Yule msimamizi wa jengo la ghorofa sita alihamisha kabati lake hadi ghorofa ya kwanza. Ilimchukua wikiendi mbili na kebo mpya. Ule mlango wenye mstari wa tope ameuacha pale pale ukutani, wafanyakazi wauone.

Nimeomba ruhusa tuone chumba cha umeme cha ukumbi huu. Mwenye ufunguo anatusubiri kule nyuma. Chukueni tochi, na tukifika tuanze kwenye pampu ya mafuta, si kwenye jenereta.