Kipupwe, kusi na ile kilomita 40 kwa saa

Asalaam aleikum, wazee wangu. Shikamooni mama zangu. Manahodha, matajiri wa vyombo, madereva wa Lushoto niliowaona pale nyuma, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie mwelekeo wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti. Nitauzungumzia. Lakini mnanijua, nina jambo langu moja ambalo nimelisema kwenye barza, nimelisema dikoni vyombo vinapofikia, na leo nitalisema tena kwa sababu bado halijaingia.

Mwelekeo wa msimu ukitoka, kila mtu anakimbilia sehemu moja tu: je, hali itakuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini ya wastani? Akikuta "wastani" anafunga karatasi. Kipupwe cha kawaida, twende zetu baharini! Ndugu zangu, kipupwe cha kawaida ndicho hicho chenye kusi, ule upepo wa kusini. Wastani huo unatokana na hesabu za miaka 30, na ndani ya miaka hiyo zimo siku zote mbaya mnazozikumbuka hapa. Hesabu ya miezi mitatu haiwezi kukuambia lolote kuhusu Jumanne ijayo. Habari za Jumanne ziko kwenye utabiri wa siku, na kwenye lile angalizo la siku tano la Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Na angalizo lenyewe mmelihifadhi kama sala. Upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2, ukanda wote wa pwani: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara na visiwa. Limerudiwa mpaka masikio yamelizoea, na sikio likishazoea halisikii.

Hapa ndipo nataka tukae. Nahodha mmoja wa Sahare, hapa hapa Tanga, mtu mzima mwenye bahari yake, aliniambia mbele ya watu: "Mwalimu, 40 ndiyo nini? Mwanangu ana bodaboda, akitoka hapa kwenda Chumbageni anafika 60." Wenzake wakacheka, wakaona mwalimu kashikwa. Nikamwambia, haya, siku ukipanda basi la Dar kaa dirishani, toa kiganja nje ukitandaze kukabili upepo. Basi likiwa ndio kwanza linatoka stendi, mwendo wa 20, kiganja kimetulia, utasema unapepewa. Likifika 40, mkono unaanza kukataa, unaukaza bega. Likifika 80 baada ya Segera, utaurudisha ndani mwenyewe bila kuambiwa na konda.

Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, nguvu ni mara tisa. Hii si maoni yangu, ni hesabu ya upepo popote duniani. Ule wa 20 ndio mnaoupenda: tanga limejaa, mrengu unakata maji, kijana mbele anaimba. Sasa upepo umefika 40. Tanga ni lile lile, mlingoti ni ule ule, kamba ni ile ile uliyoiunga mwezi uliopita, na mzigo juu yake umekuwa mara nne. Hapo hatujazungumzia dharuba, ile mikupuo ya ghafla inayopita kiasi hicho kisha ikatulia. Na yule kijana wa bodaboda, kasi ni yake mwenyewe, akiona mbaya anakamata breki. Breki ya kusi nani anayo?

Mita 2 nazo zinawadanganya vivyo hivyo. Kimo cha mawimbi kinachotabiriwa na wataalamu wa bahari si kimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale yaliyo makubwa zaidi. Ndani ya saa chache za kukaa majini, litakuja moja linalokaribia mara mbili ya kimo hicho. Mita 2 kwenye karatasi, mara moja moja karibu mita 4 mbele ya chombo chako. Na maji yakiwa yanatoka huku upepo unayapinga, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, wimbi halilali, linasimama wima. Hilo manahodha mnalijua kuliko mimi.

Najua yupo anayesema moyoni: sisi Tanga tuna Pemba, inatukinga. Ndiyo, inatukinga na mashariki. Lakini kusi letu la kipupwe linatoka kusini na kusini-mashariki. Chukueni ramani, wekeni kidole Tanga, mwelekee kusini-mashariki. Kidole kinapita wapi? Kinapita kwenye mlango ulioachwa kati ya Pemba na ncha ya Nungwi. Bahari yote ya Hindi inaingia humo. Na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, kusi likiusukuma kwa nyuma unazidi kasi. Mashine ikizima pale katikati, hurudi Tanga. Unapelekwa Kenya.

Mwingine atasema walitoa angalizo juzi na bahari ikawa shwari. Angalizo linakuja na kiwango cha uwezekano, kimeandikwa pale pale, wastani au mkubwa, na linashika pwani nzima mpaka Mtwara. Kusi linaweza kuivuruga Mafia likatupitia mbali sisi. Kupona siku moja hakumpi mtu ruhusa ya siku ya pili.

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kipupwe, meli ya abiria MV Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, upepo ukiwa mkali. Chombo kile kilijengwa kuvushia abiria Puget Sound, Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Kilikuwa kikubwa kuliko chombo chochote cha mvuvi aliyekaa humu, na kilikuwa na mashine.

Mnauliza kusi hili linapata wapi nguvu ya ghafla. Kule kusini mwa bahari, upande wa Réunion na Mauritius, kuna mgandamizo mkubwa wa hewa, na miezi hii unakuwa na nguvu zaidi. Kisha Afrika Kusini wao wako kwenye baridi kali. Mikanda ya hewa baridi inapita Cape Town, inapita Durban, wanapata mvua, milimani wanapata theluji. Mkanda wenyewe haufiki Tanga. Lakini nyuma yake hewa nzito ya baridi inasukumwa kupanda na mlango wa bahari wa Msumbiji, na baada ya siku chache ndipo mnapoamka mnaona minazi ya Raskazone imeinama. Kwa hiyo mkisikia Cape imechafuka, msiseme ni mbali.

Naonyeshwa saa. Haya, madereva. Ukungu wa Lushoto ni kusi hilo hilo: limebeba unyevu wa bahari, linapandishwa na Usambara, linapoa, unyevu unageuka ukungu. Kutoka Mombo utaondoka kweupe, ukifika Soni huoni kona ya mbele. Washa taa za chini. Taa kubwa zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Na lori la kabichi lisishuke usiku wa manane kwa sababu tu soko linafunguliwa alfajiri.

Wakulima, mvua za mchoo zitakuja kwa manyunyu, msipandie mahindi mkidhani ni masika yamerudi. Wenye mikorosho, asubuhi za baridi na mawingu ndizo zinazoleta ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, kwenye maua, salfa iwe tayari kabla hamjauona. Mama zangu wa mwani, kazeni vigingi. Ya kwenu yalistahili siku yake, nisameheni, muda umeliwa na kilomita 40.

Tajiri mmoja kaniambia mlangoni, "Mwalimu, njaa haisubiri angalizo." Simbishii. Lakini siku ya angalizo kuna kuvua ndani ya ghuba, kuna kupunguza tanga, kuna kusubiri saa tatu nne maji yageuke, na kuna majaketi ya kujiokolea ambayo yanapaswa kuwa mwilini, si chini ya nyavu. Hayo yote yanataka mtu awe amesikia kabla ya kushua chombo, naye kijana anayetoka saa tisa za usiku hana habari ya redio.

Basi matajiri wote naomba msiondoke. Deep Sea, Sahare, Tongoni, Kigombe, kila diko litaje mtu wake mmoja wa kusoma utabiri kwa sauti kila jioni baada ya magharibi. Karatasi ya majina iko hapa mezani.