Najitolea kufundisha Uganda: kabla hujakata tiketi kuja kwangu, sikiliza hii

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu wa Kagera, Mwanza, Dar na kote mnakonitazama. Leo sizungushi kamera. Nimekaa hapa Masaka, Uganda, ninakojitolea kufundisha Kiswahili, nijibu swali moja ambalo haliishi: "Wewe unajitolea, hulipwi, sasa wageni kutoka Bongo unawalaza wapi na unawalisha nini?" Na pacha wake: "Juni nikija na watoto utatupokea?"

Nikieleza kwa undani, mtasema nalia njaa. Nikisema mambo yanakwenda, mtasema naringa. Semeni tu. Nitaeleza hivyo hivyo, na kila mtu apime kwa hali yake, maana shule hazifanani na mifuko haifanani.

Tuanze na posho, hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwetu ukiambiwa utapewa posho, unajua ni hela. Uganda posho ni ugali. Ndiyo, ugali wa mahindi. Shule ikikuandikia kwamba mwalimu wa kujitolea atapata malazi na posho, uliza kwa maandishi: ni fedha ya mwezi, au ni sahani ya ugali na maharage mchana? Ukishaelewana nao, kumbuka chakula cha shule kinapikwa kwa idadi ya wanafunzi na wafanyakazi. Mgeni wako hayumo kwenye hesabu hiyo. Ukimpeleka jikoni na sahani, kuna mtu anapunguziwa, na wapishi wanakumbuka. Kwa hiyo unga, mchele, mkaa na mafuta ya mgeni vinatoka mfukoni kwako. Watu wazima wanne hawamalizi siku bila kilo mbili za unga au mchele, na maji jerikeni nne za lita 20 kama hakuna anayefua. Umeme nao ni wa kulipia kabla. Wenyewe wanauita Yaka. Ni kama luku yetu, na tabia yake ni ile ile ya kuisha usiku.

Neno lingine la kuchanganya ni muzigo. Mtu akikwambia anakaa kwenye muzigo, hana maana ya begi. Ni chumba kimoja cha kupanga kwenye safu ya vyumba, choo cha pamoja uani. Walimu wengi tunaishi humo, au kwenye nyumba za walimu ndani ya uzio wa shule. Ukiwa ndani ya uzio, mgeni halali bila ruhusa ya mkuu wa shule. Shule ikiwa ya bweni la wasichana, kaka yako au mjomba wako asahau kabisa. Mtafutie gesti mjini kabla hajapanda basi, si akiwa getini na mabegi. Ukiwa kwenye muzigo, mgeni wa siku kadhaa mpeleke ukamtambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye ni kama mwenyekiti wetu wa mtaa. Nenda na nakala ya pasi yake. Ni jambo la dakika kumi, lakini usipolifanya, siku likitokea la kutokea mgeni wako ndiye wa kwanza kuulizwa katoka wapi.

Sasa hiyo Juni. Kila mwaka ni Juni! Shule za Tanzania zinafunga Juni, za Uganda ndiyo kwanza ziko katikati ya muhula wa pili. Hapa mihula ni mitatu: wa kwanza unaanza karibu na Februari hadi mwanzoni mwa Mei, wa pili unaishia Agosti, wa tatu Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Ukija Juni utanikuta darasani tangu asubuhi, jioni nasahihisha, wewe unakaa na ukuta. Halafu unarudi kusimulia kwamba nimebadilika. Novemba pia hapana, kuna mitihani ya taifa, PLE ya darasa la saba na ile ya sekondari. Likizo zetu zinakutana Desemba. Ukipata wiki ya pili ya mwezi huo, kabla nauli hazijapanda za Krismasi, umepata. Na kwa jirani zangu wa Bukoba, huo ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Hapa wanaitwa nsenene na Masaka ndiyo kwao.

Makaratasi. Hapa naomba utulivu, maana kuna wanaosema tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, kibali cha nini? Jumuiya inakupa kuingia na kukaa kama mgeni bila kulipia viza, hadi miezi sita. Haikupi kufundisha. Hata kama hulipwi senti, kujitolea ni kazi, na unahitaji kibali. Wanaojitolea huingia kwenye vibali vya daraja G. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa uhamiaji wa Uganda. Shule au shirika linalokupokea linaandika barua, wewe unaweka vyeti vya masomo, pasi, picha, na cheti cha polisi cha tabia njema. Hicho cha polisi kifuate ukiwa bado Tanzania, kwa sababu kinataka alama za vidole. Barua yoyote ya Kiswahili kutoka serikali ya mtaa itafsiriwe Kiingereza kabla. Namba ya malipo ikishatoka ina muda wake. Ukisubiri mwisho wa mwezi inakufa na unaanza upya. Na tunza nakala za kila kitu, maana kuna ofisi, siitaji, inayoweza kukuomba karatasi ile ile mara tatu kwa wiki na kila mara kwa uso mpya.

Mgeni wako hana haja ya yote hayo. Anahitaji pasi. Mkenya anavuka mpaka wa Busia kwa kitambulisho chake. Mtanzania anayepitia Mutukula, mpaka wetu na Uganda, abebe pasi au hati ya dharura ya safari, kitambulisho cha NIDA peke yake kisimdanganye. Akiulizwa anakuja kufanya nini, aseme anatembelea ndugu, ataje anakofikia na namba yako ya simu. Asijipambe kwamba anakuja "kusaidia shuleni". Afisa akisikia hivyo amesikia kazi. Akigongewa muhuri asome siku alizopewa palepale dirishani. Si lazima ziwe miezi sita. Anayebeba mtoto wa mwenzake aje na barua ya wazazi.

Halafu kadi ya njano. Ziko mbili, na watu wanazichanganya mpaka mpakani. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano: chanja angalau siku kumi kabla ya safari, inadumu maisha. Usiponunua ile ya kichochoroni utanishukuru, kwa sababu hata ukirudi Tanzania ukitokea Uganda unaulizwa. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa anayekuja na gari lake. Ya chanjo haitembezi gari.

Pesa. Badilisheni Mutukula kiasi cha kutosha. Ukishafika ndani, shilingi yetu haina mnunuzi wa haraka. Msishtuke bei zikitajwa kwa maelfu mengi, shilingi ya Uganda ina thamani ndogo kidogo kuliko yetu. Mkinitumia kwa simu, ongezeni ya kutolea: juu ya ada ya mtandao kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa kila unachotoa. Kwenye 200,000 hiyo ni 1,000 imekwenda. Na Facebook imefungwa hapa tangu Januari 2021, haifunguki bila VPN. Ndiyo maana siwajibu kule. Siyo maringo.

Wageni wengi wanataka kuingia darasani. Nawaelewa: tangu 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe somo la lazima msingi na sekondari, walimu hawatoshi, na Mtanzania anajiona tayari ni mwalimu. Lakini kuongea siyo kufundisha. Mwanafunzi wa Kiganda ngeli hazimsumbui kama mnavyodhani; ana ekitabo na ebitabo, omuntu na abantu, unamwonyesha tu daraja. Kinachomsumbua ni l na r. Katika Kiganda r huandikwa baada ya e na i, kwingine l, kwa hiyo anaandika "habali" na "kirimo" kwa kufuata kanuni yake, siyo kwa uzembe. Mgeni akimcheka, mtoto hanyooshi mkono tena muhula mzima. Kuna na maneno ya mtego: kati kwao ni sasa, okufumba ni kupika. Basi mgeni asaini kitabu cha wageni, akae nyuma, asipige picha za watoto. Ndiyo maana video zangu hazina sura zao, mlioniuliza.

Zawadi: acheni pipi. Leteni kamusi na vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Vya kiada vya kwetu vinafuata mtaala mwingine. Boksi likiwa kubwa, liwe na orodha ya vitabu na barua ya shule juu yake.

Na mkirudi, ile mifuko laini ya plastiki, wenyewe wanaiita kaveera, mtakayofungiwa ndizi na senene sokoni, iacheni upande huu. Tanzania imepiga marufuku tangu Juni 2019. Hamishieni kwenye kikapu kabla ya kufika dirishani.