Kabla Hujatia Saini

Wazazi wangu, vijana wangu, nimeombwa nizungumzie maombi ya mapema kwa vile vyuo vikuu vya Marekani vyenye kuchagua kwa ungo mwembamba. Tarehe mnazijua: mwanzoni mwa Novemba unatuma, katikati ya Desemba unajibiwa. Sitazirudia. Nitasema lile lile ninalolisema kila mwaka, na najua kuna watakaotoka hapa wakafanye kinyume.

Kuna ombi la mapema linalokufunga na lisilokufunga. Brown, Cornell, Dartmouth: wakikukubali unakwenda, na maombi mengine yote unayafuta. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hawakufungi. Wanakuwekea tu mipaka ya kuomba mapema kwingine, kisha una hadi Mei 1 kuamua. Sasa mtu ananijia na kusema, "Mwalimu, naomba mapema." Lipi? Hajui. Saini keshatia.

Nilikuwa na binti mmoja, kichwa kweli kweli. Aliomba lile la kufunga. Alisaini yeye, akasaini mama yake, akasaini mshauri wa shule, maana makubaliano yale yanataka wote watatu. Desemba akakubaliwa. Vigelegele! Kesho yake wakafungua barua ya msaada wa fedha. Chuo kilikuwa kimepiga hesabu zake za uwezo wa familia, na hesabu hizo hazikuyaona madeni ya nyumba ile. Nilipofika kwao nilimkuta kajifungia chumbani. Nimewaona wengi wakilia kwa kukataliwa. Yule alilia kwa kukubaliwa.

Najua, najua. Mtasema, "Lakini msaada usipotosha, chuo humwachia mtoto." Kweli, humwachia, na yeye waliachana naye kwa heshima zote. Ila tazameni kalenda! Vyuo vingi vingine hufunga dirisha mwanzoni mwa Januari. Ana kama wiki mbili, hana insha nyingine hata moja, shule imefungwa, walimu wa kumwandikia barua wako likizo. Na mkononi hana barua ya chuo kingine ya kusema, "Wenzenu wamenipa zaidi." Ukishamwahidi muuzaji kwamba utanunua kabla hajataja bei, utapunguziwa kwa lipi?

Haya, asilimia. Kila mwaka kuna anayeniletea asilimia kwenye simu. "Mapema wanachukua wengi!" Ndiyo. Lakini humo wamo wanamichezo ambao makocha walishawachagua zamani, wamo na watoto wa waliosoma pale pale. Waondoe hao, halafu niletee asilimia yako. Na chuo nacho kina lake: katika ombi la kufunga, karibu kila anayekubaliwa anakuja, kiti kimepata mtu, hakuna kubahatisha. Mwaka 2006 Harvard na Princeton walitangaza kuacha maombi ya mapema, wakisema yanawabeba waliokwisha kubebwa. Washindani wao wengi wakabaki kimya na maombi yao. Mwaka 2011 wote wawili wakayarudisha. Hapo sina la kuongeza.

Mzee mmoja aliwahi kunikatiza: "Haraka haraka haina baraka." Mkewe akamjibu palepale: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wote wawili sahihi, na mtoto wao kati yao hajui afanye nini.

Mimi nauliza hivi: ukikubaliwa leo, kwa fedha zile zile unazozitarajia, kuna chuo kingine utakachotamani kusikia kimesema nini? Kama kipo, usijifunge. Kama hakipo, na hesabu mmeipiga, tia saini ulale. Hesabu yenyewe si siri. Tangu 2011 sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha gharama kwenye tovuti. Kaeni nacho jioni moja, na karatasi za mshahara mezani, si za kukisia.

Naonyeshwa saa. Mnaoomba mkiwa si raia: kikokotoo hicho mara nyingi hakiwahesabu, kwa hiyo andikieni ofisi ya msaada moja kwa moja. Tena vyuo vingi humwangalia mgeni uwezo wake wa kulipa kabla ya kumkubali. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawafanyi hivyo. Ambao Desemba hawakubaliwi wala hawakataliwi, wanaambiwa tu wasubiri, nitawaona nje.

Maswali? Wewe uliyeinua mkono tangu nianze: kama ni la asilimia, shusha.