Maisha ya kwanza ya magari yetu

Walimu wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea ufundi wa magari, habari za asubuhi.

Naomba nianze na sauti ambayo wote mnaijua. Unaingia kwenye Toyota IST au Noah iliyoshuka bandarini mwezi uliopita, unawasha swichi, na kabla injini haijatulia, mwanamke anaongea Kijapani kutoka kwenye dashibodi. Kila asubuhi maneno yale yale, kwa upole ule ule. Gereji yangu iko Ilala, Dar es Salaam, na sauti hiyo nimeisikia miaka kumi na minane. Mteja akiniambia inamkera, natafuta waya, nakata, tunaendelea na kazi. Sikuwahi kuuliza anasema nini.

Jibu nililipata nikiwa kiti cha abiria, kwenye barabara ya kulipia inayotoka Tokyo kwenda Yokohama. Mwenyeji wangu alikuwa amesahau kitu, yule mama akaongea, nami nikashtuka kama nimeitwa jina nikiwa ugenini. Nikamuuliza mwenyeji. Akacheka, akachomeka kadi kwenye kifaa kidogo chini ya usukani. "Anasema kadi ya ETC haijaingizwa." Kadi hiyo ndiyo inayolipia barabara: unafika getini, mashine inaisoma, kizuizi kinanyanyuka, unapita. Basi miaka yote hiyo magari yetu yamekuwa yakiulizia kadi yao kwenye foleni ya Ubungo.

Hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta Japani. Wapo wanaokwenda kuona magari ya mashindano na taa za rangi, nami nayapenda hayo, sitaficha. Lakini zaidi nilitaka kuyaona maisha ya kwanza ya magari ambayo sisi tunayajua katika maisha yao ya pili.

Tuanze na stika. Magari mengi yanakuja nchini na kistika cha mraba juu ya kioo cha mbele, kina tarakimu kubwa na ndogo, na wateja wanakibandua bila kukisoma. Hicho ni cha ukaguzi wa serikali unaoitwa shaken. Gari jipya la mtu binafsi linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kistika kinaonyesha mwezi na mwaka ambao ukaguzi unaisha, ila mwaka wenyewe si huu wetu, wanahesabu kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukikuta 28 ya Heisei, huo ni mwaka 2016. Enzi ya sasa, Reiwa, ilianza 2019. Fundi anayejua hesabu hiyo anaweza kukadiria gari lilisimama lini, na gari lililosimama muda mrefu lina magonjwa yake: mpira wa breki unakauka, tangi linashika kutu, silinda za breki zinaganda.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tunapata magari mazima kiasi hiki. Hakuna sheria inayomwambia Mjapani aachane na gari lake likifika miaka kadhaa. Ila kila shaken ina gharama zake, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda. Mtu anapiga hesabu, anaona heri auze. Gari bado linadai uhai. Linapanda meli.

Mjini kwenyewe kilichonishangaza ni nafasi. Huwezi kusajili gari la kawaida katika miji yao mpaka uwathibitishie polisi kwamba una mahali pa kuliegesha, na mahali hapo pasiwe zaidi ya kilomita 2 kutoka unapoishi. Ndiyo maana wanapenda yale magari madogo wanayoyaita kei: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, namba za njano. Kirikuu zetu zinazobeba matofali na magunia ya mkaa ni ukoo huo huo. Kule nilizikuta mashambani, zimebeba kabichi na mashine za kulimia, wazee wanaziendesha taratibu. Nilisimama kando ya barabara nikaitazama moja hadi ikapotea.

Sasa Zama. Hapa mnivumilie, maana hapa nitakaa kidogo.

Zama ni mji mdogo katika mkoa wa Kanagawa, na Nissan wamehifadhi humo magari yao ya kihistoria, zaidi ya 300, kwenye kiwanda ambacho zamani kilikuwa kinaunda magari. Unaomba nafasi mapema kwa intaneti. Unaingia kwenye ukumbi mpana, safu kwa safu, kutoka Datsun za kabla ya vita mpaka Skyline GT-R. Nilipita kwenye GT-R za 1969 nikitetemeka, nikasema nitarudi. Kisha nikaliona gari jekundu lenye boneti nyeusi, Datsun 240Z. Ni gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann.

Vijana, hilo gari limekula vumbi letu na matope yetu. Mwaka uliotangulia Herrmann huyo huyo alishinda kwa Datsun Bluebird 1600 SSS. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akashinda na 240Z, kisha akashinda tena mara 4 mfululizo kwa Datsun Violet, kuanzia 1979 hadi 1982. Mitsubishi nao walipewa ushindi na Joginder Singh wa Kenya, 1974 na 1976, kwa Colt Lancer. Viwanda vya Japani wakati ule vilikuwa vinatafuta heshima duniani, na heshima hiyo sehemu yake waliipata kwenye barabara zetu. Shokapu ikishindwa huku, wahandisi walijua. Bodi ikipasuka, walijua. Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia jinsi walivyokuwa wakijipanga kando ya barabara kuyasubiri yapite, na vumbi linavyoonekana mbali kabla ya mlio. Nilisimama mbele ya gari lile nikiwa na simu mkononi na nikashindwa kupiga picha kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa namfikiria yeye.

Daikoku mmeiona kwenye video, najua. Ni eneo la kupumzikia madereva pale Yokohama, juu ya ardhi iliyotengenezwa baharini, limezungukwa na barabara za juu zinazojiviringa kama konokono. Ili ufike lazima uwe ndani ya gari, maana mlango wake ni barabara ya kulipia. Tulifika Ijumaa jioni. Kulikuwa na Skyline R32 na R34, RX-7, magari ya kei yaliyoshushwa hadi yanakaribia kugusa lami, gari la Kimarekani, na mzee mmoja na Corolla ya zamani aliyokuwa akiifuta vumbi kwa kitambaa polepole, kama anayemfuta mtoto uso.

Nikaona na GX100. Ninyi mnaiita hivyo, nami naiita hivyo: Mark II, ile bodi ya madereva wa teksi na maofisa wa zamani. Ila hii ilikuwa ndugu yake, JZX100, yenye injini ya 1JZ ya lita 2.5 na turbo, ambayo kule ni gari la wacheza drift, wale wanaolitelezesha gari kwa makusudi kwenye kona. Milango ni ile ile, na vitasa ni vile vile ninavyobadilisha kila wiki. Mwenye gari alinifungulia boneti, nami nikamwonyesha kwenye simu picha za GX100 ninazotengeneza Ilala. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinyoosha kidole kwenye picha, akauliza kwa vidole: kilomita ngapi? Nikaandika 412,000. Akaita wenzake watatu waje waone.

Jambo moja sikulitegemea: utulivu. Mabango yanaomba injini zizimwe, na watu wanazima. Hakuna aliyegusa gari la mwenzake bila kuomba. Usiku ulipoingia polisi wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba eneo linafungwa, na magari yakaondoka moja moja. Hapa kwetu mikutano ya magari tunaiharibu wenyewe kwa kuchoma tairi barabarani, watoto wakiwa wamesimama mita tatu. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mwaka juzi nilimbeba kijana mmoja kwenda hospitali.

Namalizia na mnada. Mnada mkubwa unaitwa USS Tokyo, uko Noda katika mkoa wa Chiba, na siku yake ni Alhamisi. Magari ni maelfu. Wanunuzi wamekaa kama darasani, mbele yao skrini, mkononi kitufe, na kila gari linauzwa kwa sekunde chache. Hakuna kelele. Asiye mwanachama haingii, mimi niliingia kama mgeni wa mwanachama.

Kabla ya hapo mkaguzi ameshalizunguka kila gari na kujaza karatasi. Mimi gari langu la kwanza niliuziwa na mtu hapa mjini aliyeniambia ni daraja la 4, yaani gari lenye hali nzuri, bila karatasi. Miezi sita baadaye nikaona chesisi ilishanyooshwa. Ningeiona karatasi, ningekuta herufi R, yaani gari lililopata ajali kubwa likatengenezwa. A ni mchubuko, U ni mahali palipobonyea, W ni alama ya kunyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Namba inayofuata ni ukubwa: 1 ni dogo, 3 ni kubwa.

Nimeleta nakala za karatasi ya mnada za kuwatosha wote, ziko pale mezani kwa mwalimu. Chukueni moja moja, tutoke uwanjani. Noah yangu iko chini ya mwembe, karatasi yake ninayo. Tutaanza na mlango wa nyuma wa kushoto, palipoandikwa W2, na nataka kila mmoja apapase kwa mkono kabla sijasema chochote.