Ukifika Hospitali, Sema "Betri"

(Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu wa chekechea, Tanga)

Wazazi wenzangu, walimu, kina bibi mliokuja na wajukuu: assalaam alaykum, na Bwana asifiwe. Nimepewa nusu saa nizungumzie vitu ambavyo watoto humeza. Orodha niliyoandikiwa ni ndefu: sarafu, shanga, pini, miiba ya samaki, karanga, sumaku. Nitajitahidi kuifikia. Lakini walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi.

Hii hapa. Pitishianeni, isishikwe na mtoto, na nitaihesabu ikirudi. Ina upana wa milimita 20. Wengi mnaiita betri ya saa, ingawa saa nyingi za mkononi hutumia ndogo kuliko hii. Ubavuni imeandikwa CR2025. Iliyo nene kidogo kuliko hii ni CR2032. Hii ndiyo iliyomo kwenye ile rimoti nyembamba ya sabufa, rimoti ya feni, mizani ya jikoni, ufunguo wa gari. Mama hapo mbele anatikisa kichwa kwamba hana kwake. Una sabufa? Basi unayo.

Swali ambalo huwa naulizwa ni hili: daktari, si ni sumu ya ndani inayovuja? Hapana, na naomba tuelewane hapa, maana anayesubiri ivuje atachelewa. Betri nzima kabisa, mpya, isiyo na ufa, ndiyo inayoumiza zaidi. Umio wa mtoto, yaani njia ya chakula, ni mwembamba na una majimaji. Betri ya upana huu inakwama humo, nyama inaikumbatia pande zote mbili, na umeme unapita kwenye nyama kama unavyopita kwenye waya. Upande wa hasi, maji ya mwilini yanavunjwavunjwa na kuzalisha alkali kali. Kina mama mnaopika sabuni mnaijua alkali hiyo kwa jina lake: kostiki soda. Mnavaa glavu mkiishika, mnawafukuza watoto jikoni. Mafuta yakikutana na kostiki yanakuwa nini? Sabuni. Basi hivyo ndivyo mafuta yaliyomo katika nyama ya koo la mtoto yanavyogeuzwa, na hakuna aliyeona moshi wala kusikia harufu.

Muda wa saa 2 unatosha kuleta kidonda kibaya. Saa 2 ni foleni ya kupata kadi na kumsubiri daktari.

"Lakini betri ilikuwa imekwisha." Ilikwisha kwa rimoti. Ikiwa mpya ina volti 3. Rimoti ikiikataa bado imebakiwa na volti za kutosha kuyavunja maji, kwa sababu kazi hiyo inahitaji volti moja na kitu tu. Betri zilizokwisha ndizo tunazoziacha juu ya meza, dirishani, kwenye kikombe cha misumari. Hizo hizo.

Niwaeleze kuhusu mtoto mmoja. Nilikuwa kituo kingine, miaka imepita. Mwaka mmoja na miezi saba, mvulana. Alianza kukohoa na kutokwa na udenda. Wali anausukuma, uji anakunywa. Mama akampeleka zahanati, akaambiwa ni kifua, akapewa dawa ya maji. Siku ya tatu akarudi, akabadilishiwa dawa. Simlaumu aliyempokea: kikohozi, udenda na kukataa chakula vinafanana na magonjwa ishirini ya utotoni, na hakuna aliyetaja kumeza kitu. Siku ya sita akapigwa picha ya mapafu, na juu kabisa, chini ya shingo, pana duara jeupe. Zamu ya usiku ikaandika "sarafu", akalazwa kusubiri asubuhi.

Asubuhi tukaiweka picha kwenye mwanga. Sarafu ni duara moja. Hii ilikuwa duara ndani ya duara, kama sahani yenye ukingo. Hiyo ni betri. Tukampa nusu kaputi tukaitoa, na upande ulioelekea koo la hewa nyama ilikuwa nyeusi. Tayari palikuwa na tundu baina ya njia ya chakula na njia ya hewa. Ndiyo maana kila akinywa alikohoa. Uji ulikuwa unaingia mapafuni. Kwa miezi alilishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Alipona, na ana kovu kubwa. Wapo wasiofika hapo, kwa sababu kidonda hicho kikila kuelekea nyuma au kushoto kinaufikia mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni. Na mshipa huo unaweza kupasuka siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya betri kutolewa na mtoto kurudi nyumbani akicheza. Mtoto aliyetolewa betri akitapika damu hata kidogo, au akipata choo cheusi, hamngojei asubuhi.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nisimulie. Dada wa kazi alijua tangu siku ya kwanza. Aliiokota rimoti ya sabufa sakafuni, kile kidroo cha betri kimechomoka, kitupu. Akatafuta chini ya kochi, hakuona. Akanyamaza. Mwezi uliotangulia alikuwa amekatwa mshahara kwa sababu ya chupa ya chai iliyovunjika. Alikuwa na miaka kumi na sita, na aliogopa. Mama alipoambiwa alitaka kumrukia pale pale wodini. Nilisimama kati yao. Siku sita za alkali zilinunuliwa kwa bei ya chupa ya chai.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya mengine yote, mkae na dada, na kaka mkubwa wa miaka saba, na bibi, muwaambie: betri ikipotea, njoo useme, hutapigwa, hutakatwa, hutatukanwa. Na mtimize. Mtoto mkubwa aliyewahi kuchapwa kwa kusema ukweli hatasema mara ya pili.

Betri ikipotea na mtoto mdogo alikuwa karibu, hesabu ameimeza mpaka picha ikuambie vinginevyo. Usingoje dalili, wengi mwanzoni hawana. "Amekula vizuri mchana" haithibitishi kitu. Usimtapishe. Usimtie kidole. Usimpe tonge la ugali wala ndizi ya kusukumia. Betri iliyokwama haisukumwi, na tumbo likijaa mtu wa nusu kaputi atalazimika kuhofia matapishi. Mpeleke penye eksirei, si zahanati ya jirani kwa sababu ni jirani. Na ukifika mlangoni usiseme "mtoto hajisikii vizuri", wala "amemeza kitu". Sema "betri". Sema kwa sauti. Mwenye "kitu" atapanga foleni. Chukua na rimoti yenyewe, au betri ya pili inayofanana nayo, tuone ukubwa.

Kitu kimoja tu mpe njiani: asali. Naona mnatazamana, mwaka jana mzee mmoja aliniuliza kama nimehamia kwenye tiba za kienyeji. Mwaka 2018 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walijaribu juisi, soda na vinywaji vingine kwenye umio wa nguruwe wenye betri, na asali ilikuwa miongoni mwa vilivyolinda nyama vizuri zaidi. Inafunika betri na kuipunguzia alkali ukali. Vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6, kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na anayeweza kumeza, kama hazijapita saa 12 tangu ameze betri. Chini ya mwaka mmoja asali ni hatari kwa sababu nyingine, usimpe. Asali haitoi betri. Kama haimo ndani ya nyumba, usiende dukani kuitafuta, nenda hospitali.

Kuna anayejiambia moyoni kwamba hii ni kudra tu. Kudra ipo. Lakini miaka mia iliyopita huko huko Philadelphia alikuwepo daktari Chevalier Jackson, aliyekusanya zaidi ya vitu 2,000 vilivyotolewa makooni na vifuani mwa watu. Vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter mpaka leo. Watoto waliomtesa sana moyo ni wale waliokunywa magadi makali ya sabuni, kwa vile makopo yake hayakuwa na onyo lolote. Hakusema kudra. Aliwasumbua wabunge mpaka sheria ya kuweka onyo ikapita mwaka 1927. Alkali ile ile! Na mwaka 2022 Marekani ikapitisha sheria iitwayo Reese's Law, kwa jina la mtoto wa miezi 18 aliyekufa kwa betri ya rimoti: mlango wa betri usifunguke bila bisibisi au sarafu, au bila kufanya mambo mawili kwa mkono kwa wakati mmoja. Skurubu moja ndiyo tunayoidai. Mkienda kununua, geuzeni kitu, tazameni nyuma. Hakina skurubu, mrudishieni mwenye duka na mwambieni kwa nini.

Naonyeshwa saa. Haraka basi.

Sarafu: ikishafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe. Kama mtoto anatokwa na udenda au hamezi, imekwama, mleteni. Picha ni lazima hata mkiwa na hakika ni sarafu. Yule wa zamu ya usiku naye alikuwa na hakika. Sumaku: mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa, hizo nazo ni za kukimbilia hospitali. Betri puani au sikioni: usitie matone, usitie mafuta, majimaji huongeza kazi yake. Karanga: chini ya miaka minne zisagwe. Pini za mtandio: mabinti wetu huzishika kwa midomo wakijifunga, mmoja akichekeshwa anavuta pumzi na pini inaingia mapafuni. Mabwana, wanunulieni kijitungi cha pini, ni bei ndogo.

Miiba ya samaki sikuigusa, niiteni tena.

Nimekuja na bisibisi tatu na selotepu pana. Waliobeba rimoti kama nilivyoomba wapange mstari hapa kushoto. Ile betri niliyoipitisha imefika wapi? Bado naidai.