Kompyuta Inavyousikia Ukumbi Kabla Haujajengwa

Pigeni kofi moja, nyote kwa pamoja. Ahsanteni. Kofi limekwisha mara moja, ila ukumbi umeendelea kuvuma. Mvumo huo ndio mada yetu: namna kompyuta inavyoukokotoa hata kabla msingi haujachimbwa.

Aliyeanza kuupima kwa utaratibu ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895. Alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yake hayakueleweka. Akawa anaingiza mito ya viti na kuitoa, huku akipima sauti inafifia kwa muda gani. Kanuni aliyoipata ni fupi: zidisha ujazo kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalofyonza sauti, upate sekunde ambazo sauti huchukua kufifia. Ukumbi wa mita za ujazo 1,000, unaofyonza sawasawa na dirisha wazi (ambalo sauti hutoka isirudi) la mita za mraba 161, sauti yake hushuka desibeli 60, yaani karibu isisikike tena, kwa sekunde moja.

Kanuni hiyo naipenda sana, lakini haikwambii ni ukuta upi unaokuharibia maneno. Mwaka 1979 Jont Allen na David Berkley walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuuchukulia kila ukuta wa chumba cha mstatili kama kioo: nyuma yake yupo msemaji wa pili, yaani taswira ya yule wa kweli, anasema yaleyale kwa kuchelewa. Wewe uko mita 10 kutoka kwangu. Sauti iliyopitia ukutani imesafiri mita 17, kwa hiyo inakufikia takriban milisekunde 20 baada ya ile ya moja kwa moja. Sikio huziunganisha, ukasikia sauti moja yenye nguvu zaidi.

Sasa, taswira nazo zina taswira zao. Katika chumba cha mita za ujazo 1,000, ndani ya sekunde moja, zinazokufikia zinazidi 160,000! Kuzifuata zote moja moja, kwa maoni yangu, ni kupoteza nguvu. Usahihi wote upewe zile za mwanzo, kwani ndizo zinazoamua kama neno litaeleweka. Mkia wa mvumo unaofuata, sikio haliuchambui. Linasikia tu unavyofifia, na hapo takwimu zinatosha.

Sauti nzito ndizo ngumu. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3.4, hivyo huizunguka nguzo nyembamba kana kwamba haipo, wala halikubali kuchorwa kama mwale ulionyooka. Hapo hakuna njia ya mkato: gawa chumba chote katika vipande vidogo, utatue mlinganyo wa wimbi, yaani hesabu ya jinsi wimbi linavyosafiri, kipande kwa kipande. Ukitaka kufikia masafa (idadi ya hezi) maradufu, vipande vinakuwa mara 8, na hatua za muda nazo zinaongezeka maradufu.